Toleo Lisilo na Jipya Ndilo Tunalolihitaji

Tangu Noetic, toleo la mwisho la ROS 1 (kizazi cha kwanza cha ROS, mkusanyiko wa programu unaotumiwa kutengenezea roboti), lifike ukomo wa kuhudumiwa tarehe 31 Mei 2025, kuna lalamiko lisilokauka midomoni mwa wahandisi vijana wa Kampala, iwe wamekutana Nakawa au wanaandikiana kwenye makundi yao ya WhatsApp. Wanasema maktaba za programu za roboti, yaani programu zilizoandikwa tayari ili wengine wajengee juu yake, zimeishiwa. Mtu anapakua toleo jipya, anafungua orodha ya mabadiliko akitarajia kuona roboti imefundishwa jambo ambalo jana haikulijua, anakuta mistari ya aina ileile: hapa tumeziba uvujaji wa memori (programu kuchukua memori bila kuirudisha), pale tumeondoa msimbo, yaani maandishi ya programu, usiotumika, kule tumefuta pakiti, fungu la programu, ambayo hakuna aliyeihitaji. Anafunga na kwenda zake. Wengine huongeza chumvi kwamba wenye programu wanapunguza vitu makusudi ili sisi wenye kompyuta kuukuu tulazimike kununua mpya.

Naona wameisoma orodha hiyo kinyume. Mistari hiyo mikavu ina faida kubwa kwa anayetengeneza roboti Uganda kuliko kwa mwenzake wa California au Munich, na sababu zake ni za mfukoni kabla hazijawa za kiufundi. Zaidi ya hapo, kazi ya kuziba na kufuta ndiyo njia fupi kabisa ya kijana wa hapa kuingia katika utengenezaji wa programu zinazotumika duniani kote. Njia hiyo hatujazibiwa na mtu wa nje. Tumeiziba wenyewe, kwa jinsi tunavyotoa alama, vikombe na fedha.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuhama kutoka ROS 1 kwenda ROS 2 ni mzigo wa kweli. ROS ilianzia mwaka 2007 na kukuzwa katika maabara ya Willow Garage huko California, na kwa zaidi ya miaka kumi watu waliandika programu nyingi juu ya mfumo wake wa kwanza. ROS 2, iliyoanza kutolewa Desemba 2017, ilibadilisha namna sehemu za roboti zinavyozungumza, kwa hiyo aliyejenga juu ya nyumba ya zamani hana budi kubomoa na kujenga upya. Anayelalamikia gharama hiyo ana haki. Lakini kuziba uvujaji na kuondoa msimbo uliokufa ndani ya ROS 2, au ndani ya maktaba yoyote ile, ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna anayehamishwa. Anayesasisha kwa kawaida hupata programu ileile, nyepesi zaidi.

Licha ya jina lake, ROS si mfumo endeshi. Ni mkusanyiko wa maktaba na zana unaowezesha vipande vidogo vya programu, viitwavyo nodi, kupelekeana ujumbe: nodi ya kamera inatoa picha, nyingine inazipokea na kutafuta kizuizi, ya tatu inaamuru magurudumu. Ukiwa juu unaweza kuandika kwa lugha ya Python na usijue shida yoyote ya memori. Ukishuka unakutana na lugha ya C++, na kwenye kitovu cha ROS 2 kuna maktaba iitwayo rcl, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Katika C hakuna mtu wa kukuokotea ulichoangusha. Programu huomba sehemu ya memori, huitumia, kisha yenyewe inatakiwa kuirudisha. Isiporudisha, kompyuta itaendelea kuihesabu sehemu hiyo kuwa ina mwenyewe hadi programu izimwe. Ni kama mgahawa ambao wateja wanaondoka na sahani: asubuhi hakuna anayeona tofauti, lakini ikifika saa nane mchana wapishi wana chakula tele na hawana cha kupakulia.

Tufanye hesabu. Tuseme nodi ya kamera inapoteza kilobaiti 1 tu kwa kila picha, na kamera inatoa picha 30 kwa sekunde. Kwa saa moja ni kilobaiti 108,000, yaani megabaiti 108 hivi. Kwenye kompyuta ya maabara yenye gigabaiti 64, uvujaji huo utachukua wiki tatu na siku kadhaa kuijaza memori yote, na ni nani anayeacha jaribio likiendelea wiki tatu? Mwandishi wa programu ataapa kwamba kazi yake ni safi. Kwenye bodi ndogo, kompyuta ya ubao mmoja, ya gigabaiti 2, ambayo nusu gigabaiti imeshachukuliwa na mfumo wenyewe, zinatosha saa 14. Kasoro ni ileile, ila aliyeiandika haioni na aliyeipokea inamuua.

Tena uvujaji mwingi haupo kwenye njia kuu ya programu. Fikiria kazi inayoomba memori mara tatu: kwa ajili ya jina, kwa ajili ya mipangilio, kisha kwa ajili ya ujumbe wenyewe. Mbili za kwanza zinapatikana, ya tatu inagoma. Programu inatoa taarifa ya hitilafu na kutoka mlangoni, bila kurudisha zile mbili ilizokwisha kuchukua. Mambo yakienda vizuri, hakuna kinachovuja. Kinavuja pale tu jambo linaposhindikana, na mambo hushindikana wapi? Si kwenye meza ya maabara yenye kebo mpya na Wi-Fi isiyokatika. Hushindikana shambani Masaka, kebo ya USB imelegea kwa mitikisiko ya barabara na mtandao unakuja na kuondoka. Kwa maneno mengine, mazingira yetu hupita sana katika vichochoro vya programu ambavyo waandishi wake hawavipiti.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo sijaona likijadiliwa: kukatika kwa umeme kumekuwa kukitufichia kasoro hizi. Kompyuta inayozimika kila siku mbili tatu huanza upya na memori tupu, na uvujaji wa polepole hauna muda wa kukua hadi uonekane. Niliwahi kuwakuta vijana Kikoni, karibu na Makerere, wakihangaika na kigari kinachopita katikati ya miche ya kahawa kikipiga picha za majani. Kwa miezi kilikuwa hakina shida. Walipokifungia betri na paneli ya sola ili kisitegemee tena umeme wa gridi, kikaanza kuganda kila baada ya siku moja au mbili. Walishuku betri, wakashuku joto, wakashuku fundi aliyewauzia paneli. Mwishowe mmoja wao akafungua orodha ya programu zinazoendeshwa na kukazia macho safu ya memori ya nodi ya kamera. Namba ilikuwa ikipanda na haishuki. Mwenzake akaitikisa kebo ya kamera, namba ikaruka. Sola haikuleta ugonjwa. Iliondoa dawa ya bahati mbaya iliyokuwa ikiutuliza.

Sasa tuangalie hoja za upande wa pili, maana zipo na hazilingani uzito.

Hoja nyepesi kuliko zote ni kwamba memori ni rahisi, ongeza tu. Pengine ilikuwa na ukweli kwa mtu wa Munich miaka mitano iliyopita. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori duniani imepaa kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazoa kila kinachotoka kiwandani, na Raspberry Pi, bodi ambazo ndizo moyo wa roboti nyingi za wanafunzi, zilipandishiwa bei Desemba ya mwaka huo kwa sababu hiyohiyo. Kwa anayeagiza kutoka nje, akalipia usafiri na ushuru, kisha akabadilisha shilingi kuwa dola, ushauri wa kuongeza memori ni sawa na kumwambia asitengeneze roboti. Na memori siyo gharama pekee. Msimbo usiotumika huja na pakiti zake, na pakiti hizo lazima zipakuliwe hata kama roboti yako haitazigusa milele. Uganda data ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii. Kwa hiyo kila pakiti isiyo na kazi iliyosahaulika ndani ya maktaba huko ughaibuni, mwanafunzi wa Mbarara anailipia bando, na juu ya bando analipa ushuru. Anayeifuta kule anampunguzia huyu gharama bila wawili hao kujuana.

Hoja ya pili ina nguvu kidogo: zima, washa, endelea na kazi. Wahandisi wakubwa hufanya hivyo. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinakatiwa umeme kabisa kabla hazijatimiza siku 248 mfululizo, kwa sababu programu inayodhibiti jenereta zake ingefikia kikomo cha kuhesabu na kuzizima. Kama dawa ya muda, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba dawa ya muda inahitaji mtu ajue kipimo, akikumbuke, na awe na nafasi ya kukitekeleza. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kudungua makombora ulishindwa kuliona kombora la Scud, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Kasoro haikuwa ya memori bali ya saa: kosa dogo mno la hesabu lilikuwa limejilimbikiza kwa zaidi ya saa 100 mtambo ukiwa umewashwa, likafikia theluthi moja ya sekunde. Siku nne kabla, watumiaji walikuwa wameonywa kwamba kuuwasha kwa muda mrefu sana kungeleta shida. Hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika siku iliyofuata shambulio. Kosa linalolimbikizana lina tabia moja, liwe la saa au la memori: halina dalili hadi linapokuwa limeshakushinda. Na roboti haifanani na kompyuta ya ofisini, kwani ikizimika husahau ipo wapi, na mkono uliobeba kitu huenda ukakiachia. Mwaka 2021 tulianza kuona droni zikijaribiwa kupeleka dawa za ARV visiwani Kalangala. Juu ya maji ya Ziwa Victoria hakuna pa kutua ukazima na kuwasha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na inasemwa na watu makini: kitu kinachofanya kazi usikiguse. Msimbo unaoonekana hautumiki unaweza kuwa unatumika na mtu usiyemjua. Maktaba ikishakuwa na watumiaji wengi, kila tabia yake, hata iliyotokea kwa bahati mbaya, ina mtu anayeitegemea, na siku ikiondolewa roboti ya mtu huyo itasimama katikati ya shamba. Hofu hii ina msingi, na ndiyo maana katika ROS kuna desturi ya kutoa onyo kwenye toleo moja na kuondoa kwenye linalofuata, ili kila mmoja apate muda wa kujitayarisha. Anayefuta bila onyo anastahili kulaumiwa.

Lakini wenye hoja hii huhesabu hatari ya upande mmoja tu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilipaa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na haikumaliza dakika moja kabla ya kulipuka. Ndani ya chombo cha kupima mwelekeo wake kulikuwa na programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, yenye sehemu ambayo kazi yake ilikuwa kabla ya roketi kuondoka ardhini. Katika Ariane 4 iliachwa iendelee sekunde 40 hivi baada ya kupaa, kwa sababu za wakati huo. Ariane 5 haikuihitaji kabisa baada ya kuondoka. Iliendelea kufanya kazi hata hivyo, ikapata namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, ikakizimisha chombo kizima na cha akiba vilevile. Tume ya uchunguzi ilipotafuta kwa nini msimbo huo uliachwa, ilikuta fikra hiyohiyo tunayoizungumzia: haikuonekana busara kubadilisha programu iliyofanya kazi vizuri kwenye Ariane 4. Msimbo usiotumika haulali. Unasubiri mazingira yabadilike, na roboti inayotolewa maabara moja na kupelekwa nchi nyingine imebadilishiwa mazingira tayari.

Mfano ninaoupenda zaidi, kama mtu anaweza kupenda jambo kama hilo, ni wa huduma ya magari ya wagonjwa ya London mwaka 1992, kwa kuwa aina zote mbili za uchafu, uvujaji na msimbo usiotumika, zilikutana humo. Mfumo mpya wa kuyatuma magari uligoma usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba. Uchunguzi ulikuta kipande kidogo cha msimbo ambacho mtengenezaji alikiandika wakati wa kazi fulani, akakiacha kwa uzembe wiki tatu kabla. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilichukua memori kidogo kwenye seva na hakikuirudisha. Kwa wiki tatu huduma ilikuwa ikila akiba yake bila mtu kujua. Kipande hicho hakikuwa na kazi tena: kama mtu angepita na kukifuta, uvujaji nao ungeondoka.

Kwa upande wa roboti hasa, Spirit, kile kigari cha NASA kilichotua Mirihi Januari 2004, kilinyamaza tarehe 21 ya mwezi huo na kuwa kinajiwasha upya tena na tena. Memori yake ya kuhifadhia ilikuwa imejaa mafaili mengi mno, yakiwemo ya safari ya miezi saba angani ambayo hayakuwa na kazi tena. Waliyafuta kutoka duniani, kigari kikapona, kikafanya kazi hadi 2010.

Ipo hoja mpya pia, kwamba akili mnemba itatusafishia. Itasaidia kutafuta, sibishi. Kwa sasa naiona ikizalisha msimbo kwa kasi kubwa kuliko inavyoufuta, na kufuta kunataka kujua ni nani kule nje anakitumia kitu hicho, habari ambayo haimo ndani ya msimbo wenyewe.

Haya yote yanatufikisha kwetu. Shirika la Fundi Bots limekuwa likifundisha roboti mashuleni tangu 2011. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka wanafunzi wafanye miradi kwa mikono yao. Vipaji vipo na vinaongezeka. Lakini tazama tunachokipigia makofi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa alete mradi wake mwenyewe, mpya, wenye jina. Waamuzi wa mashindano wanaitazama roboti dakika kumi ikitembea jukwaani, wanatoa kikombe. Wafadhili wanauliza ubunifu uko wapi. Hakuna kati yao anayeuliza roboti hiyo ikiachwa imewashwa wiki nzima itakuwaje, wakati thamani ya kifaa chochote cha shambani au cha mjini iko hapo. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 2015, umefunga vipimo vya uchafu wa hewa juu ya majengo na hata kwenye boda boda. Kifaa cha namna hiyo hakina mtu wa kukaa nacho akibonyeza kitufe.

Na kuziba uvujaji hakuhitaji maabara ya mamilioni. Valgrind, zana ya kusaka uvujaji wa memori, ni ya bure. AddressSanitizer, zana ya kazi kama hiyo iliyotoka Google, ni ya bure na huipunguzia programu kasi kwa kama nusu tu, kwa hiyo inaendeshwa hata kwenye laptopu ya mtumba. Anayeanza hatakiwi kuielewa maktaba nzima. Anahitaji kuelewa kazi moja, njia zake za kushindwa, na mahali memori ilipochukuliwa bila kurudishwa. Marekebisho yenyewe yanaweza kuwa mistari mitano. Yakikubaliwa, jina lake linabaki kwenye historia ya maktaba inayoendesha roboti katika mabara yote, na mwajiri wa popote anaweza kulitafuta akaliona. Linganisha na kile kigari cha mradi wa mwisho, ambacho baada ya mahafali hufunguliwa mota zake zikaazimwa na darasa linalofuata.

Pendekezo langu kwa vyuo vyetu vya uhandisi ni dogo: marekebisho yaliyopokelewa na maktaba kubwa ya programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, yakubaliwe kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, yakiambatana na maelezo ya jinsi kasoro ilivyopatikana na ushahidi kwamba imeondoka. Pingamizi la kwanza, nadhani, halitatoka kwa wanafunzi. Litatoka kwa wasimamizi, maana ripoti ya kurasa themanini yenye picha za roboti husahihishwa jioni moja, lakini ili kumpa mtu alama kwa mistari kumi na mitano aliyoifuta, msimamizi mwenyewe itabidi akae aisome C.